Mkono wa Kibii wa Mabwawani

Corona iliisha kwa watu wote wa mji wetu isipokuwa Kibii. Sisemi kwamba alikuwa mgonjwa. Huyo mtu hajawahi kuugua hata mafua, jambo ambalo limewaudhi wengi. Nasema hivi: wakati ule tulipokatazwa kupeana mikono, tulijifunza kuinua kiganja hewani na kusema "Bwana asifiwe" kwa mbali. Katazo lilipoondolewa tulirudia mikono yetu kwa furaha, tukaminyana na kukumbatiana mlangoni mwa kanisa kama watu waliotoka vitani. Lakini ikifika zamu ya Kibii, viganja vinapaa tena hewani. Miaka ikapita. Kwa Kibii peke yake corona ikaendelea.

Sababu ni kazi yake. Kibii ndiye mtunzaji wa mabwawa ya maji taka, kule chini, ukifuata barabara ya kichinjio. Mji wetu ni mdogo, uko kati ya Kikopey na Nakuru. Mtu wetu akifanikiwa hujenga Kiamunyi, kule Nakuru, asipofanikiwa hujenga hapa na kusema anapenda utulivu. Kila aliye na choo cha kuvuta maji anamtumia Kibii mzigo kila siku, asubuhi na jioni, na akishautuma anaziba pua.

Alizaliwa Ndabibi, ambako baba yake alichunga ng'ombe wa shamba la watu. Alikuja mjini akiwa kijana, akitaka kazi ya udereva. Wakati ule kulikuwa bado na baraza la mji, na karani mmoja wa baraza akamwambia kuna kibarua cha wiki mbili mabwawani, kwa sababu mwenyewe ameenda likizo. Mwenye likizo hajarudi mpaka leo. Sasa ni miaka ishirini na sita.

Mabwawa ni matatu. La kwanza ni jeusi na linatoa mapovu kama uji unaochemka, na hapo ndipo uchafu unapolala chini. La pili ni la kijani. La tatu maji yake yametulia na kung'aa, na ndege wa ziwani huja kuogelea humo. Wageni wa Nairobi wakipita juu barabarani husimamisha magari wakalipiga picha, wakifikiri ni ziwa. Kibii huwapungia mkono, na wao hupunga, kwa vile hawajajua.

Lakini kabla ya bwawa la kwanza kuna wavu wa vyuma, nondo zimesimama karibu karibu kama meno ya kitana. Maji ya mji mzima lazima yapite hapo, na yasichoweza kupita nacho kinabaki. Kazi ya Kibii ni kusimama hapo na reki na kuondoa. Kwa hiyo mji wetu hauna siri mbele yake. Ameokota nywele za bandia za kila rangi, mifupa ya mbuzi, soksi, simu, vijiko vya harusi, na vichupa vya pombe kali kutoka bomba la upande wa juu, ambako wanaishi watu waliookoka peke yao. Aliokota pete mbili za ndoa. Moja ilirudi kwa mwenyewe. Ya pili mwenyewe alisema si yake.

Na Kibii hasemi. Miaka yote hiyo hajawahi kutaja jina la mtu. Ni kama padri wa Wakatoliki, ila sisi hatukwenda kwake kuungama. Dhambi zilitangulia zenyewe kwa bomba.

Mke wake, Jepkemei, alipokuwa hai alikuwa akimfulia nguo za kazi kwa beseni lake peke yake, na kila Jumapili alimtoa nyumbani anang'aa kuliko wazee wetu wote. Haikusaidia. Hata kabla ya corona tulikuwa tukimpa ncha za vidole, kama mtu anayepima kama pasi imepata moto. Jepkemei alipofariki, tulisimama kaburini tukamfariji Kibii kwa viganja vya hewani. Nilikuwa hapo. Kiganja changu pia kilikuwa hewani, na Mungu alikiona.

Wazee wetu wa zamani walimnyima mkono mtu aliyemwaga damu, mpaka atakaswe. Kibii hakumwaga kitu cha mtu. Ni sisi tuliomwaga.

Nilijua jambo hilo linamuuma kwa sababu aliniambia. Mimi nina ng'ombe mmoja, na kando ya mabwawa kuna nyasi ya napia, nzuri, nene, ya kijani hata wakati wa kiangazi. Kibii huniruhusu kukata. Maziwa ya ng'ombe huyo ndiyo yanayotiwa kwenye chai ya wazee wa kanisa kila Jumapili, wanayasifu sana, na hakuna aliyewahi kuuliza ng'ombe anakula wapi. Basi siku moja nikifunga mzigo wangu, Kibii akaniambia, bila kuniangalia, "Mama Kimberly, mimi sitaki kiti cha mbele. Nataka tu siku moja mtu anishike mkono mlangoni, kama wengine, kabla sijaenda kulala karibu na Jepkemei." Nikamwambia Mungu anaona. Ndivyo mtu husema akiwa hataki kufanya kitu.

Mtu pekee anayemshika mkono hapa mjini ni Parminder, mwenye duka la mabomba. Kibii akienda kuchukua glavu, Parminder anatoka nyuma ya kaunta, anamshika mkono na kumuuliza habari za Ndabibi. Parminder si wa kanisa letu. Tumemwombea sana aokoke.

Sasa, anayesimama mlangoni kusalimia watu wakitoka ibadani ni mzee Hezekiah. Ni mzee wa kanisa, mrefu, mwenye sauti ya kutikisa mabati na meno meupe sana ya juu, yaliyotengenezwa Nakuru kwa wiki tatu. Ukitaka kujua nani ni mtu na nani si mtu katika mji wetu, angalia mkono wa Hezekiah. Akimpa mtu mkono, wote wanampa. Akiinua kiganja, wote wanainua. Ndiye aliyempangia Kibii kukaa benchi la mwisho karibu na mlango. Alisema ni kwa ajili ya hewa.

Mwaka huu mvua ilichelewa. Makanisa yote ya mji yakakubaliana kufunga kuanzia Jumatatu, siku sita bila kula mchana, kuombea mvua, na kumaliza Jumapili kwa ibada. Hezekiah ndiye aliyetangaza kwetu. Aliongea mpaka watu wakaona aibu kuwa na matumbo.

Jumatano asubuhi nilishuka mabwawani na panga langu. Kibii alikuwa amechutama penye mfereji wa kuingilia, ambapo amesimamisha fimbo yenye alama za kupimia maji. Kila asubuhi anaisoma.

"Mama Kimberly, mko kwa mfungo?"

"Tuko, kwa neema ya Mungu."

"Kanisa lote?"

"Makanisa yote."

Akaangalia fimbo. Akaangalia mji. Akaangalia fimbo tena.

"Haya," akasema.

Badala ya kushuka, maji yalikuwa yamepanda vidole viwili.

Niliingia kwenye napia nikaanza kukata. Ndipo nikaona mtu anashuka kwa haraka kutoka barabarani, amevaa koti la Jumapili siku ya Jumatano, na kitambaa amekibana mdomoni. Nilidhani ni kwa sababu ya harufu. Alipokaribia nikamtambua. Ni Hezekiah, katika mahali ambapo hajawahi kukanyaga tangu azaliwe.

Sikuwa najificha. Nilikuwa nakata nyasi, na nyasi ni ndefu. Lakini nakubali kwamba panga lilinyamaza.

"Kibii," akasema nyuma ya kitambaa. "Uko peke yako?"

"Niko na bata."

"Nimepoteza kitu."

"Watu huja hapa kwa hiyo sababu, mzee. Ni kitu gani?"

Hezekiah akashusha kitambaa. Jamani. Uso ulikuwa umeingia ndani kama mfuko uliotolewa viazi. Sauti ile ya kutikisa mabati ilikuwa inatoka na upepo mwingi.

"Meno," akasema. "Yameenda na maji. Jumamosi wakwe wanakuja kumposa msichana wangu, mimi ndiye mwenye kuongea. Na Jumapili nahubiri ibada ya kumaliza mfungo. Kibii, ndugu yangu, nisaidie."

Miaka ishirini na sita, na neno "ndugu" lilifika siku hiyo likiwa halina meno.

Kibii hakucheka. Alisimama akapangusa reki, akaanza kumuuliza polepole kama daktari.

"Yalianguka saa ngapi?"

"Jana jioni. Kama saa kumi na moja."

"Uliyavutia maji mara ngapi?"

"Mara moja. Hapana, mbili. Mama watoto alikuwa anabisha mlango."

"Yaliangukaje?"

Hezekiah akakohoa. "Nilishikwa na tumbo. Nikatapika."

"Pole. Ulikuwa umekula nini?"

"Hiyo inahusiana na nini?"

"Inahusiana sana, mzee. Meno ni mazito. Yakiwa peke yake yanalala kwa kona ya bomba, pale kwa Parminder, na hapo itabidi tuchimbe barabara. Yakiwa na mafuta, mafuta yanayabeba mpaka hapa. Sasa lazima nijue kama nitafungua wavu ama nitafute jembe. Ulikuwa umekula nini?"

"Mboga," akasema Hezekiah.

"Mboga haibebi meno."

Bata mmoja akapiga maji.

"Nyama," akasema. "Kidogo."

"Ya kuchemsha ama ya kuchoma?"

"Kibii!"

"Mzee, ya kuchoma ina mafuta mengi."

"Ya kuchoma."

"Kiasi gani?"

Hapo Hezekiah akaangalia juu mbinguni, ambako mvua ilikuwa haijaonekana. "Mguu," akasema. "Mguu wa mbuzi. Nilipita Kikopey kwa shughuli zangu, kumbe shetani alikuwa amefika mapema akawasha makaa."

"Mguu mzima?"

"Tulikuwa wawili."

"Wewe na nani?"

"Mimi na shetani, Kibii, si nimekuambia!"

"Basi yako hapa," akasema Kibii. "Mguu mzima unayaleta mpaka mlangoni."

Alishuka penye wavu, akafunga lango dogo la mfereji ili maji yapungue. Akaanza kuondoa mafuta kwa reki, tonge kwa tonge, meupe na mazito kama sabuni ya mche. Reki ni ya vitu vikubwa. Baada ya muda akavua glavu ya kulia, akapiga magoti na kutia mkono mtupu ndani ya yale mafuta mpaka kwenye kiwiko, huku ameangalia pembeni kama mtu anayetafuta ndama ndani ya ng'ombe. Hezekiah alisimama juu yake, anaomba kwa sauti ya chini. Kwa mara ya kwanza wiki hiyo nikaamini maombi yake.

Mkono wa Kibii ulipotoka, ulikuwa umeshika meno. Yalikuwa yanacheka.

Ndipo nikaona kitu ambacho sikutegemea. Hezekiah hakuyachukua meno kwanza. Aliushika ule mkono. Kwa mikono yake miwili, na mafuta yake na yote yaliyokuwemo, akautikisa, akauweka kwenye kifua cha koti la Jumapili. "Kibii wangu," akawa anasema, "Kibii wangu, unataka nini? Sema tu. Chochote."

Kibii alitazama ule mkono wake uliokuwa umeshikwa.

"Jumapili," akasema, "unisalimie kwa mkono. Mlangoni. Kama wengine."

"Ni hiyo tu?"

"Ni hiyo."

"Mbele za Mungu!" akasema Hezekiah. "Na mbele ya kanisa lote!" Akafunga meno kwa kitambaa, akapanda mlima kwa haraka zaidi kuliko alivyoshuka. Njiani akapita karibu na napia yangu. Nilimsalimia. Alinijibu kwa mkono mmoja mdomoni na mwingine hewani.

Kibii alijua nilikuwa pale. "Mama Kimberly," akaniambia, "wewe ulikuwa unakata nyasi."

"Nilikuwa nakata nyasi," nikasema.

Jumamosi Hezekiah aliongea mbele ya wakwe kwa saa mbili, na wanasema hakuwahi kuongea vizuri hivyo. Meno yalikuwa yamechemshwa. Sijui mara ngapi, lakini mke wake alilalamika kanisani kwamba gesi imekwisha ghafla.

Jumapili Kibii alikuja na shati jeupe alilonunuliwa na Jepkemei, pasi imesimama kwenye mikono. Alikaa benchi lake la mwisho, karibu na mlango. Hezekiah alihubiri juu ya mikono safi. Sikutunga hilo. Alihubiri juu ya mikono safi, akiinua yake miwili juu, meno yanameta mpaka nyuma, na akina mama tukasema amina.

Ibada ilipokwisha akaenda kusimama mlangoni. Siku zingine Kibii huwa wa kwanza kutoka, maana yuko karibu, na hutoka haraka kuwapunguzia watu kazi. Siku hiyo alingoja. Aliacha watu wapite, akajiunga katikati ya mstari. Nilikuwa nyuma yake mtu wa nne. Kati yetu walikuwa wale wakwe, waliolala kwa Hezekiah ili wasali naye, baba wa kijana anayeposa akiwa mbele na kofia mkononi.

Mstari ukasogea. Mkono, mkono, "Bwana asifiwe." Mkono, "Asifiwe sana." Kibii akafika. Akanyoosha mkono wake.

Hezekiah alimwangalia. Kisha akaangalia juu ya bega la Kibii, akamwona baba wa kijana nyuma yake, mtu mkubwa, mwenye lori mbili. Niliona akipima. Na kiganja cha Hezekiah kikapaa hewani.

"Bwana asifiwe, ndugu Kibii," akasema kwa mbali.

Mkono wa Kibii ukabaki pale ulipokuwa. Haukurudi. Watu nyuma wakaanza kunyoosha shingo. Kibii si mtu wa sauti, lakini kanisa letu ni la mabati na lilikuwa limenyamaza.

"Mzee," akasema, "Jumatano uliushika."

Hezekiah akafungua mdomo, akaufunga upesi, kama mtu aliyekumbuka kilichomo.

"Uliushika kwa mikono miwili," akasema Kibii kwa upole, "na ulikuwa haujaoshwa. Leo nimeuosha na sabuni mara tatu."

"Jumatano kulikuwa na nini?" akauliza baba wa kijana.

Sijawahi kuona mkono wa mzee ukishuka haraka hivyo kutoka mbinguni. Hezekiah aliushika mkono wa Kibii, akauminya, akaongeza na wa pili juu yake. "Chamgei, Kibii! Chamgei mising!" akamsalimia kwa lugha ya nyumbani, kwa kelele, mabati yakatikisika. "Hakuna kitu, mkwe, ni mambo ya maombi! Huyu ndugu tuliomba naye Jumatano!"

Na hiyo, kusema ukweli, haikuwa uongo.

Basi baba wa kijana naye akampa Kibii mkono, kwa kuwa mwenyeji amefanya hivyo. Halafu mama wa kijana. Halafu pasta mwenyewe akatoka mimbarini. Watu waliokuwa wameshafika nje wakarudi. Mkuu wa kwaya alirudi. Mama mmoja wa upande wa juu, ambaye mume wake hatumii pombe kabisa, alirudi mara mbili. Kibii alisimama pale mlangoni karibu nusu saa, na mstari haukwisha, kila mtu anamwangalia machoni na kuuliza habari za mabwawa kwa sauti laini sana. Ningependa kusema ni upendo ulioshuka. Lakini niliangalia nyuso zao. Kila mmoja wetu alikuwa amekumbuka kwamba nyumbani kwake kuna choo.

Niliwapisha wengine mpaka zamu yangu ikafika. Mkono wake ulikuwa mgumu na ulinukia sabuni. Nilitaka kumwambia nisamehe, kwa kaburi la Jepkemei na kwa zile siku zote. Nikakosa mahali pa kuanzia.

Yeye akainama, akaniambia polepole, "Mama Kimberly, mwambie msichana wako daipa za mtoto si za choo. Na zile nywele za zambarau."

"Nitamwambia," nikasema.

Kesho yake nilishuka kukata napia. Kibii alikuwa amesimama penye wavu, ameegemea reki. Hakukuwa na kitu cha kuondoa. Nondo zilikuwa safi kama siku zilipowekwa. Nilisikia baadaye kwamba Jumapili ile jioni watu walionekana nyuma ya nyumba zao na majembe, wanazika.

"Wananiogopa," akasema.

"Wanakuogopa," nikakubali. Sikuona faida ya kumdanganya.

"Hezekiah aliniminya mpaka vidole vikalia. Ni woga tu." Akageuza kiganja chake juu, akakiangalia kama anasoma ile fimbo ya maji. "Lakini mkono wake ulikuwa na joto, Mama Kimberly."

Ndipo kitu kikagonga wavu. Ilikuwa daipa, imejaa maji, imefungwa na nywele ndefu za zambarau. Kibii aliiondoa kwa reki bila kusema neno, mimi nikaingia kwenye nyasi na panga langu.